Mashine Tatu Ndani ya Moja

Kwako mdogo wangu, mtaalamu wa wataalamu,

Sisi tupo, na paka wako kazaa jikoni. Mama anauliza kama unakula vizuri. Nimemjibu kwamba anayejisifu kama wewe halali njaa.

Hapa hospitalini bado tunaitafuna ile kazi yako ya wiki moja. Kompyuta moja kuukuu umeigawa kuwa mashine pepe tatu, yaani kompyuta tatu za kuigiza ndani yake, kila moja ikidhani kumbukumbu yote ni yake peke yake. Ukaweka mfumo endeshi mpya bila hata kuangalia kama hifadhidata yetu ya zamani, yenye faili zote za wagonjwa, inaukubali. Ukaijaribu kwa wagonjwa kumi, ikakimbia kama swala, ukapigiwa makofi, ukapanda ndege. Sisi tunao wagonjwa laki mbili, bwana mkubwa! Nilipokuuliza ulisema, "Dada, wewe andika majina tu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umevunja la mwenzio.

Jumanne nilimleta mama, jicho linamuuma hajiwezi. Daktari alitaka kwanza kujua ni dawa gani ilimdhuru zamani, na mama jina la dawa hiyo halikumbuki. Tukakaa saa nne nzima mbele ya kompyuta, faili halifunguki. Nikamsihi twende hospitali nyingine. Akakataa katakata: "Mwanangu ndiye kaitengeneza. Itafunguka tu."

Jicho la kushoto halioni tena.

Nimemwambia mama kukatika kwa umeme ndiko kulikoiharibu mashine yako. Usinishukuru, sikukustiri wewe.

Ni mimi dada yako,
mwandika majina