Safari Fupi ya Maskati

Jumamosi, 10 Januari
Nimefua, nimeanika. Sijafagia. Msafiri akiondoka, Mama hakubali ufagio uguse nyumba mpaka apate habari kwamba amefika. Kaka Salim ametoka alfajiri kwenda kazini Maskati. Ndege yake saa nne. Jana fundi alikwangua ukuta, vumbi tele, na Mama ana pumu. Anakohoa tu.

Salim amepiga kabla ya adhana ya adhuhuri. "Nishafika, Mama. Fagieni sasa." Mama amelia kidogo. Nimeshika ufagio. Chumba cha Salim, Mama ameniambia nikiache. Sijui kwa nini.

Jumapili, 11 Januari
Nimepima kwenye ramani ya simu. Kutoka hapa hadi Maskati ni zaidi ya kilomita elfu tatu na mia sita. Ndege ikienda bila kutua popote, kama saa tano. Salim ametumia mbili na nusu. Labda mimi ndiye mjinga. Lakini jiografia sikuwahi kuanguka.

Jumanne, 13 Januari
Salim kapiga tena. Nimejikaza, nikamuuliza huko saa ngapi.
"Saa kumi na robo."
Hapa pia saa kumi na robo. Maskati wametutangulia saa nzima.
Kisha mtu akacheka nyuma yake. Kicheko kile nakijua, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Cha Otieno, rafiki yake wa bandarini. Otieno anakaa Mbaraki, hapa hapa mjini.
Ndugu yangu ni mwongo. Naogopa amefanya jambo baya.

Alhamisi, 15 Januari
Nimekwenda Mbaraki. Nimeona haya kubisha, nikasimama mlangoni mpaka Otieno akatoka na ndoo.
"Karibu Maskati, dada!"
Salim yuko ndani, kavaa kikoi. Hakuweza kunitazama. Ijumaa iliyopita kipimo cha afya kilimkatalia safari. Presha. Na mtaa mzima ulikuwa umeshamuaga.
"Mbona ulipiga mapema vile?"
"Ningengoja jioni, Mama angeshinda kwenye vumbi."
Nilikuja na hasira. Sikujua niiweke wapi. Ameniapisha nisimwambie Mama.

Ijumaa, 16 Januari
Mama amepika biriani. Sikumwambia neno, nimekula nikitazama sahani. Baada ya kula amefunga bakuli kwa kitambaa, akanipa.
"Mpelekee nduguyo, kabla haijapoa."
Nimeliweka bakuli mezani.
"Marehemu babako alikuwa akienda Maskati. Nilikuwa nikikaa na vumbi mpaka magharibi. Huyu kafika kabla ya adhuhuri, ana mbawa zake?"
Hakuonekana kukasirika. Ameongeza ndimu mbili.
Nimevaa buibui, nikachukua bakuli. Mlango wa chumba cha Salim ulikuwa wazi. Vumbi la fundi bado liko sakafuni, na nyayo za Salim za alfajiri ile, zikielekea nje.