Waliokuja Kulikagua Gari la Kastori

Izia, Sumbawanga
Jumapili, baada ya misa ya pili

Dada yangu Skola, Mama Kastori,

Shikamoo dada. Kabla ya yote ujue barua hii imechelewa kwa sababu mji huu wa Sumbawanga ukinikosa nusu saa haujui uelekee wapi. Hakuna gunia la mahindi linalotoka mkoa huu bila mkono wangu kulipitia, na watu wa Dar es Salaam wanakula ugali kwa idhini yangu. Ukimsikia mtu anasema mimi ni mshona magunia tu pale godauni, mwambie magunia yasiposhonwa mahindi yanamwagika, na mahindi yakimwagika nchi inalala njaa. Sasa piga hesabu mwenyewe mimi ni nani.

Hujambo lakini? Usingizi umeanza kurudi? Nasikia unakula kidogo kama ndege. Kula, dada, hata kama chakula hakina ladha, kimeze tu. Sisi huku wazima, isipokuwa upepo umetuchachamalia, unapita kwenye blanketi kama halipo. Wifi yako Mama Jeni anakusalimu sana.

Nimekuita Mama Kastori. Nilikaa na kalamu nikijiuliza kama bado inafaa, nikaona inafaa. Mtu haachi kuwa mama kwa sababu mtoto ametangulia.

Nakuandikia maana kwenye simu sikuweza. Wewe unapanda mpaka kwenye lile jiwe nyuma ya kanisa ndipo mtandao ushike, na nikisikia unavyohema, na ule upepo wa ziwa nyuma yako, maneno yote yananikimbia, nabaki kusema gari bado, gari bado. Leo nakueleza lote.

Baada ya arobaini uliagiza gari la marehemu liuzwe. Ulisema nyumba aliyoanza kukujengea imefika kwenye linta, matofali yamejengewa kwa udongo, na mvua ikitangulia kabla ya bati kuta zote zitarudi kuwa tope. "Gari liwe bati," ulisema. Nilikuelewa. Huko Wampembe kigari kile kingekusaidia nini? Kwa mteremko ule wa kushuka ziwani kingefika kwako tumbo likiwa limebaki njiani.

Na ulinipa mimi kazi hiyo kwa sababu kwenye magari unanijua. Nimekuwa utingo mpaka Zambia. Ni mimi niliyelisimamisha lori la mahindi kwa mguu wangu mmoja lilipokatika breki mlimani, kiatu kikaungua, mguu ukabaki. Kumuuzia mtu kigari kidogo ni kazi ya kufanya huku unakunywa chai.

Kilikuwa uani kwetu chini ya turubai, palepale alipokiegesha Kastori asubuhi ile kabla hajaenda hospitali kwa miguu yake, akisema, "Mjomba, ni homa tu, jioni nakupitia godauni." Huku vigari hivi wanaviita bebi woka kwa udogo wake. Unakumbuka urefu wa mwanao, alioutoa kwa baba yetu. Alikuwa amerudisha siti nyuma mpaka mwisho, na aliyekaa nyuma yake alikunja magoti yakagusa kidevu.

Wa kwanza kuja alikuwa dalali wa mahindi, mtu mfupi, koti la ngozi, funguo nyingi kiunoni ambazo sidhani kama zinafungua kitu.

"Mzee, linawaka?"

"Ukilitazama vizuri linawaka lenyewe," nikamwambia.

Akafungua boneti. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akakifutia kwenye turubai langu. Akapiga tairi teke kama anayefukuza mbwa. Akabamiza milango yote. "Bodi imechoka. Rangi imebabuka. Na huku ubavuni, huyu dereva wenu alikuwa analala?"

Alikuwa anauliza ule mkwaruzo, dada. Unaukumbuka. Ni ile Pasaka ulipokuja kututembelea, Kastori akakugeukia akucheke kwa namna ulivyoshika dashibodi kwa mikono miwili, ndipo akaligusa geti la parokia.

Basi yule bwana akaingia akakaa, miguu ikaning'inia. Akacheka. "Aliyekuwa anaendesha humu ni mtu au twiga?" Akapeleka mkono chini ya siti, akavuta, siti ikaja mbele, krrr.

Ule mlio, dada. Niliusikia kwenye meno.

"Injini hiyo imefunguliwa mara tatu," nikasema.

Akatoa kichwa nje. "Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Akaenda zake. Mama Jeni alikuwa mlangoni pa jiko anachambua maharage. "Baba Jeni, injini imefunguliwa lini?"

"Wewe endelea na maharage."

Nikairudisha siti nyuma, nikafunika turubai.

Baada ya hapo wakaja vijana wawili waliotaka gari la teksi. "Mambo vipi mzee!" Nikawaambia shikamoo kwanza, ndipo mambo. Wakasalimia. Mmoja akalala chini kutazama uvungu, mwingine akachungulia ndani akanyoosha mkono aichukue ile rozari ya mbao ya Kastori kwenye kioo, eti aone kama kioo kimepasuka. Dada, ulimi wangu ukaondoka peke yake. Nikawaambia gari hili lilizama Ziwa Tanganyika, likakaa chini wiki nzima, wavuvi wakalivuta kwa nyavu za dagaa, na kwenye rejeta walimkuta samaki mzima, kuhe, anawatazama. Nikawaambia mpaka leo ukipiga honi wakati wa mbalamwezi, samaki wanaitikia.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini yule wa chini aliinuka anajikung'uta. "Mshikaji, twende. Mzee anatania, ila gari la maji waya zote zimeoza."

Hadithi ile ikawatangulia kufika mjini. Wanaoosha magari wakaisikia, ikafika sokoni, ikanikuta godauni. "Mzee Anselmi, lile gari lako la samaki vipi?" Nami nilicheka nao. Si unajua mimi hadithi nzuri siiachi ife. Ila tangu siku ile hakuna mtu aliyekuja kuinua turubai.

Jioni moja tunakula, Mama Jeni akaacha kijiko. "Baba Jeni, tangu nikujue umesifia kila kitu chako. Umesifia baiskeli isiyo na cheni. Umesifia paa linalotuvujia kichwani. Gari la Kastori ndilo kitu pekee ninachokusikia ukikisema vibaya. Unaliuza au unalizuia?"

Nikamwambia navizia bei. Akasema, "Haya, vizia," akachukua sahani yangu kabla sijamaliza.

Ndipo dereva wa lori la dagaa akaniletea maneno yako. Kwamba mvua ya kwanza imenyesha huko usiku, mstari wa juu wa matofali upande wa jikoni umeyeyuka, na wewe mwenyewe ulipanda ngazi ukafunika kuta kwa nailoni na majani ya migomba, ukaweka mawe. Wewe, na mgongo wako ule. Siku hiyo nilishona magunia mpaka nikashona na mkono wa shati langu kwenye gunia la mtu. Wenzangu walicheka, nami nikaanza kuufumua uzi mmoja mmoja.

Sasa sikia. Kuna mwalimu anaitwa Genoveva, anafundisha upande wa Msanzi, na mama yake mzazi ana mguu unaohitaji kuletwa hospitali hapa mjini mara kwa mara. Anamleta kwa pikipiki, mama kashikwa katikati kama gunia. Alishaisikia ile ya samaki, akaja hivyohivyo. Na alikuja alfajiri, kabla sijanawa uso.

"Shikamoo baba. Nimekuja mapema makusudi. Tafadhali usiliwashe, injini ya baridi haifichi ugonjwa."

Akaweka kiganja juu ya boneti, akaona ni baridi, akatikisa kichwa kukubali. Akatandika gazeti chini ya injini. Akaomba kadi ya gari, akalinganisha na namba zilizogongwa kwenye chuma, moja moja, kidole kinafuata. Akainua zulia kwenye kona, akamulika kwa simu. Ndipo akasema, "Haya, liwashe."

Liliwaka mara moja, dada. Muda wote huo limelala, likawaka mara moja. Kastori alinunua betri mpya miezi michache kabla ya homa ile, alinionyesha kama mtu anayeonyesha mtoto. Moshi ukatoka mweupe, ukapotea. Mwalimu alisimama nyuma akiuangalia, mikono kifuani. "Ungekuwa wa bluu, basi inakula oili, ningekwenda zangu," akasema. Akalitazama gazeti, kavu. "Baba, injini hii haijafunguliwa. Na maji hayajaingia humu, chini ya zulia hakuna kutu. Nani alisema lilizama?"

Nikatazama mbinguni. Mama Jeni akanitazama mimi.

"Alisema mwenyewe," Mama Jeni akajibu.

"Kwa nini, baba? Na mwenye gari yuko wapi?"

Wote waliotangulia nilikuwa nawaambia mwenyewe amesafiri. Kuna niliyemwambia Mpanda, kuna niliyemwambia Kigoma, na mmoja nilimwambia Ulaya. Nikafungua mdomo niseme Mpanda. Nikasema, "Amefariki. Ni mtoto wa dada yangu. Tumemzika kwao ziwani."

Dada, hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa kinywa changu. Msibani ninyi mlilia, mimi nilikuwa nahangaika na kuni, nagombana na watu wa sufuria, napiga kelele turubai livutwe huku. Watu wakasema Anselmi ndiye mwanaume, ameshika msiba wote. Na kweli niliushika. Sikujua pa kuuweka.

Mwalimu alizima gari. Akasema pole baba, akakaa na mimi pale kizingitini, hakuongeza mahubiri. Mama Jeni akatuletea chai.

Baadaye akaomba alijaribu kwenye mwinuko. Akaingia, naye si mrefu. Akashika kile chuma cha chini ya siti, kisha akakiacha, akanitazama. "Samahani baba, sifiki klachi."

"Sogeza, mwalimu."

Krrr. Nikaingia upande wa abiria, palepale nilipokuwa nakaa Kastori akinipitia jioni, nikishusha kioo ili watu wa godauni wote waone mshona magunia anapelekwa nyumbani na dereva. Tukapanda. Injini ilivuta vizuri, haikulia. Na mimi nikamweleza mwalimu kila kitu: betri, plagi mpya, breki alizobadilisha marehemu, na kwamba handbreki asubuhi inataka kuvutwa mara mbili. Mkwaruzo wa ubavuni nao nikamweleza ulivyopatikana. Alicheka kidogo, akasema huo hataupaka rangi.

Tumeandikishana mbele ya mashahidi. Bei ni ileile uliyotaja, imepungua kidogo tu, na hicho kilichopungua kimeliwa na ulimi wangu, usimlaumu mtu mwingine. Rozari ya Kastori nimeitoa, imo humu ndani ya bahasha. Bati nimenunua siku hiyohiyo, ziko kwenye lori hili lililokuletea barua, pamoja na misumari na kofia za kufunikia kilele cha paa. Nimezichagua mwenyewe, nimezigonga moja baada ya nyingine mpaka muuzaji akachoka. Mwambie binamu yetu Wenseslausi, fundi, aache kila alichoshika aje aezeke, aanze upande wa jikoni. Akikuambia yuko kwenye shamba la ulezi, mwambie Anselmi amesema. Atakuja.

Nisalimie shangazi Leokadia, aliyekuwa akimbeba Kastori mgongoni wewe ukienda shamba. Nisalimie baba mdogo Kalisto, anayepiga kengele ya kanisa, mwambie mlio wake siku ya mazishi ulinifikia. Na Roza, aliyekuwa awe mkwe wako, sina neno la kumwambia. Msalimie tu, na akija mpe kiti.

Nilisema nakueleza lote, limebaki dogo. Baada ya kuandikishana nilimwambia mwalimu nitarudi kwa miguu, mimi hutembea kutoka hapa mpaka Mpanda na kurudi bila kiu. Akakataa, akanipakia. Tulipofika uani kwetu akazima gari. Akasema, "Baba, tumefika." Nikabaki nimekaa. Majirani walikuwa wanatazama, Mama Jeni ametoka amesimama mlangoni. Mwalimu akasema tena taratibu, "Baba, tumefika." Nikamwambia mkanda wa siti umekwama, gari hili mkanda wake una tabia yake, unataka subira, asihangaike kuushika. Akaamini. Akageukia dirisha lake akaningoja, muda mrefu kweli, mpaka nikaweza kushuka.

Dada, mkanda haukuwa umekwama.

Mdogo wako,
Anselmi