Ndevu za Jenerali

Tarehe 3 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hali yako na ya Mama? Kifua chake kimetulia? Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma, na sababu nitakueleza.

Ile ziara ya kujitolea tuliyopangiwa na chuo imeanza. Wenzangu wamepelekwa zahanati na shuleni, mimi nikatupwa kwenye nyumba ya wazee wasio na wa kuwatunza. Nilidhani nitapewa kompyuta nipange majina. Nikajiponza kwa kumtajia mlezi mkuu kazi yako. Akanikabidhi beseni, sabuni na wembe, akasema, "Mtoto wa kinyozi? Karibu kazini." Mimi, Baba! Unajua mwenyewe nilivyokuwa nakikimbia kibanda chako.

Yuko mzee mmoja wanamwita Jenerali, maana anatoa amri kutwa nzima. Alikuwa hataki mtu amguse uso. Juzi nilimwomba ruhusa, akanitazama weee, kisha akainua kidevu. Nimemnyoa nimeinama mpaka mgongo ukakakamaa, na nimemkata mahali pamoja tu. Tulipiga soga mpaka povu likakauka. Mimi huyu huyu, ambaye mhadhiri akiniuliza swali darasani ulimi unakuwa mzito!

Mwanao

Tarehe 15 Juni

Msomi wangu,

Marahaba. Kifua cha Mama yako kimetulia, mdomo wake ndio haujatulia. Mimi nipo, namshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha. Kwa hiyo wembe unashikika? Hapa nyumbani ulisema harufu ya povu inakutia kichefuchefu. Hilo la huko limetiwa manukato gani? Nilikubembeleza tangu ukiwa mdogo ukae tu pembeni utazame, na kila Jumamosi kichwa kikawa kinakuuma. Leo unawanyoa baba za watu, tena bure.

Na huyo Jenerali hana watoto? Muulize. Halafu ulimkata wapi? Kama ni shavuni, hukuivuta ngozi. Anayetaka kujifunza kunyoa anamuuliza kinyozi. Nasema tu, sijakasirika. Mama yako anasema nimekasirika.

Baba yako

Tarehe 2 Julai

Shikamoo Baba,

Natumaini nyote hamjambo huko. Mimi nimeanza hata kunenepa.

Ni shavuni, umejuaje? Sasa simkati tena. Jenerali ana watoto wawili, hawaji. Ananielekeza mwenyewe: taulo la maji ya moto kwanza, ngozi ilainike, ndipo wembe. Ninapomnyoa ananiuliza mambo ambayo sijawahi kuulizwa, naogopa nini, nataka kuwa mtu wa namna gani. Nami najibu! Wiki iliyopita nilisimama mbele ya wenzangu wote nikaeleza kazi yetu, mhadhiri akapigwa na butwaa. Amenishauri nibaki huku likizo yote. Nimekubali, Baba. Najua ulitaka nije nyumbani. Jenerali alipopata habari alinishika mkono akaniita mwanangu.

Mwanao

Tarehe 9 Julai

Kwako Msomi,

Marahaba. Wote wazima.

Taulo la moto nimelianzisha mimi mtaa huu kabla wewe hujaota jino. Ungekaa pembeni Jumamosi moja tu ungeliona. Na kama unapenda maswali, si ungesema? Ningekuuliza.

Likizo kaa huko huko. Chumbani kwako nitatia viti vibovu vya kibandani.

Baba yako wa kwanza

Tarehe 11 Agosti

Mwanangu,

Habari za huko? Hapa hatujambo, isipokuwa Mama yako hasemi nami, maana nilimdanganya. Nilimwambia nakwenda kununua nyembe. Nilikuja huko.

Nilikuja kumwona huyo Jenerali kwa macho yangu, na maneno ya kumpa nilikuwa nayo. Tangu ile barua nilinuna, hata ndevu sikunyoa. Wateja walinicheka mpaka wakachoka. Basi nilipofika, mlezi mkuu akanitazama usoni, akanionea huruma. "Karibu, mzee wetu. Ndiyo umeletwa leo?" Kabla sijafungua mdomo ameshanivika taulo shingoni na kuniketisha kwenye benchi la korido, kwenye foleni ya kunyolewa. Mimi, kinyozi!

Mlango ulikuwa wazi, nikakuona. Kila ulipotaka kumgusa ulimuuliza kwanza, "Nikugeuze kichwa, mzee?" Miaka yote hii nimegeuza vichwa vya watu kama matikiti, sijamuuliza hata mmoja. Na huyo Jenerali niliyemchukia kumbe ni kizee kidogo tu, miguu haifiki sakafuni. Alikuwa amefumba macho, ametulia tuli. Maneno yangu yote yaliyeyuka. Roho iliniuma, mwanangu. Nilikitaka kile kiti chake.

Ukaita, "Anayefuata, karibu." Anayefuata nilikuwa mimi. Nikaogopa utanikuta nimekaa na wazee ambao watoto wao hawaji, nikatoka mbio. Taulo lao ninalo.

Nina wivu, basi. Nimeandika. Mama yako amesoma, na ameanza tena kusema nami.

Baba yako

Tarehe 18 Agosti

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo. Mama mpe pole, najua amecheka.

Niliita mara ya pili na ya tatu, nikatoka koridoni, benchi tupu. Mlezi mkuu alimtafuta "mzee mpya" mpaka jikoni, kisha akamwambia mlinzi kuna mzee katoroka. Nimemweleza ukweli. Amecheka mpaka akakaa chini.

Kwa nini hukuingia? Ningekunyoa mbele yao wote.

Kazi hii siiachi, nitabaki hadi mwisho wa likizo. Huku najiona mtu, Baba, sijui nikuelezeje. Ila Jumapili hatunyoi. Nitapanda basi la alfajiri nije nyumbani. Usijinyoe, wala usikae hapo kunielekeza.

Mwanao

Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini ulifika salama. Sisi wazima, na Mama yako bado anawasimulia majirani.

Kibanda kimejaa tangu Jumatatu, kila mtu anataka kumjua aliyemnyoa kinyozi. Nawaambia yuko safarini, ana wateja wengine. Neno hilo bado linanichoma nikilisema. Msalimie Jenerali. Mwambie Jumatatu mpaka Jumamosi nimemwachia, na hapo nimejitahidi.

Umenyoa vizuri. Nilikaa kimya, ni shahidi Mama yako. Lakini chini ya taya, upande wa kushoto, umeniruka mahali. Nilipapasa asubuhi yake nikapagundua. Mama yako alileta wembe aniondolee, nikamzuia mkono. Nimemwambia pabaki hivyo hivyo, mwenye kazi atarudi.

Baba yako