Telegramu ya Kalemie

Sydenham, Durban
9 Agosti 2009

Godelive mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimia sana kwa jina la Bwana. Shemeji Léonce hajambo? Mguu umepona? Eddy wako na mke wake Iteka wanaendelea? Na katoto kao, kananyonya vizuri? Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Larissa wangu anasuka nywele saluni kule Overport, na kila siku roho yangu iko juu mpaka nimwone mlangoni. Baridi nayo, eish, inatutesa.

Mimi namtunza mzee mmoja wa Morisi, Mesié Gaëtan. Tunaongea Kifaransa changu kile kibovu. Ananiita mchumba, namwambia mchumba gani hana hata jino, anacheka mpaka anakohoa. Ujanani alikuwa mtu wa telegramu. Juzi redio ikasema waya mpya wa intaneti umefika pwani yetu. Akasema wanajivuna nini, waya za maneno zimelala chini ya bahari tangu baba yake hajazaliwa. Yeye alisikiliza milio tu, tik, tik, akaandika. Mpaka leo kidole chake kinagonga kiti. Nikamuuliza anagonga nini. Akasema majina ya watu ambao alijua kifo chao kabla ya watoto wao. Tangu ile siku, hata nikiosha sahani ninakisikia.

Nikamwambia kwetu telegramu ilikuwa kifo tu. Akakataa. Akasema nyingi zilikuwa za kuita watu. Nikaketi chini.

Godelive, unakumbuka Bukavu, ukiwa na tumbo la Eddy, miezi minane? Ilikuja telegramu ya Kalemie, yenye jina lako. Ulikuwa umelala. Kusoma Kifaransa sikujua, hata leo sijui, lakini niliona mama amekufa basi. Mimba mbili zilishakutoka. Nikasema uzae kwanza. Nikaificha ndani ya Biblia.

Halafu kaka Pierre-Claver akafika, akasema mama alikaa siku kumi na moja akiangalia mlango, akikuita, mpaka akafa. Ukaapa hukupata telegramu. Hakukuamini, mpaka leo hakusemeshi. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale, nimenyamaza. Nilijidanganya labda karatasi ile ni ya habari nyingine. Kuitupa nilishindwa. Nimekimbia vita nayo.

Jana nilimpa Mesié Gaëtan aisome. Imeandikwa mama mgonjwa sana, anamwita Godelive, njoo.

Ni mimi, mdogo wangu. Karatasi yenyewe iko humu ndani ya bahasha. Mwonyeshe Pierre-Claver pamoja na barua hii, aone tarehe, akuombe msamaha wewe, na hasira yake ailete kwangu.

Wasalimie wote, busu kwa katoto. Nijibu upesi, hata kama ni kunitukana. Usinyamaze tu.

Yaya wako, dada yako mkubwa,
Marcelline, Mama Larissa