Damu Niliyompa Makame

Jumatano, masika, 1970

Mvua haijakatika tangu alfajiri, na kichwa changu chepesi kidogo. Sina hamu ya kulalamika. Leo nimefanya jambo ambalo nusu ya ukoo wangu inaliona wazimu, nami moyo wangu umetulia.

Makame, mchumba wangu, aliteleza asubuhi kwenye mbao za ujenzi, nondo ikampasua paja. Nilipofika hospitali midomo yake ilikuwa imepauka, hajui hata nani kamshika mkono. Daktari hakuficha: asipoongezewa damu haraka, atakufa. Ya mama yake haikupatana na yake, wala ya nduguze. Walipopima yangu, ikapatana.

Hapo Shangazi Salama, aliyenilea, akanivuta buibui mpaka nje ya mlango.

"We Rukia, una wazimu? Watu wakinyonya ziwa moja tu washakuwa ndugu, hawaoani. Sembuse damu! Ukimpa, ushakuwa dadake. Harusi ya mwezi wa Mfunguo Tatu huna tena."

Mimi si mwanachuoni, na nakiri maneno yake yaliniingia. Nguo za harusi zimeshashonwa. Nampenda Makame, nampenda vibaya sana, wala sioni haya kuliandika hapa.

"Shangazi," nilimwambia, "bora kaka aliye hai kuliko mchumba aliye kaburini."

Nikarudi ndani, nikajinyoosha kitandani. Mimi, ninayeogopa hata sindano ya cherehani! Nilifumba macho nikavuta uradi mpaka muuguzi aliponiambia basi, tayari.

Liwalo na liwe.

Shangazi alinirudisha nyumbani Kikwajuni. Tulipofika akaubamiza mlango wa jikoni, akanikaangia maini, akanisimamia mpaka nikamaliza.

"Kula," alisema. "Huyo kaka yako kakumaliza."

Alasiri nilirudi kumtazama. Alikuwa amefumbua macho, akaomba maji, akanitabasamia. Mama yake, Bi Mwajuma, alinikumbatia huku analia, akaniita mwanangu. Kisha akaniachia ghafla, akanitazama usoni, nikajua anajiuliza mimi sasa ni mwanawe wa namna gani, mkwe au binti. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Makame mwenyewe bado hajaambiwa kitu.

Kesho Shangazi anakwenda kwa shehe kuuliza. Shehe akisema ndoa ipo, biriani ya siku hiyo nitaipika mwenyewe, ingawa bibi harusi hapiki. Akisema haipo, nitalia, tena kwa sauti, mtaa mzima usikie. Na siku Makame atakapooa mwingine nitakuwa mbele kabisa, nampigia vigelegele kama dada wa bwana harusi, machozi yakinitoka.

Ila wakiniita hospitali kuwa anahitaji damu tena, nitakwenda kabla jibu la shehe halijanifikia.