Nyongeza Juu ya Kipimo

Harrow, 8 Februari 2024

Mama mpendwa,

Natumai ujumbe huu unakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kelele. Mimi sijambo, ila baridi ya huku Uingereza hainipendi. Najua tukipigiana simu tunaishia kubishana, kwa hiyo naandika, nawe utanijibu ukitulia.

Kuna jambo. Yule mama ninayemhudumia siku za wiki, Daksha, alizaliwa Machakos, wakahamia huku akiwa msichana. Kiswahili chake bado anacho, cha jikoni na cha sokoni. Kila Alhamisi hunituma dukani kwa Vijay, mtoto wa dada yake, nikamletee karela, ile mboga chungu ya kijani yenye ngozi ya mamba. Na kila Alhamisi lazima agombe: "Lorraine, hii karela gani? Iko mzee kuliko mimi!" Vijay naye analia kwamba nzuri hazipatikani. Juzi maneno yakanitoka, nikamwambia mama yangu ana shamba lenye maji.

Si uongo, Mama. Mfereji umewafikia, kikundi kina pampu ya sola na tangi, na bado mnamwagilia mahindi ambayo Kibwezi nzima inayauza wiki moja na ninyi. Vijay amenipa namba ya Norbert, wakala wa Nairobi anayemsafirishia mboga kwa ndege. Zungumza naye tu, kuuliza si kununua.

Sisemi hivi kwa kuwa sitaki tena kutuma pesa nyumbani. Lakini nimechoka, siwezi kukuficha. Wiki nzima niko kwa Daksha, na Jumamosi na Jumapili niko kwenye nyumba ya wazee kule Kilburn. Ibada naisikiliza kwa simu nikiwa kwenye basi.

Mwanao,
Lorraine


Kibwezi, 17 Machi 2024

Mwanangu Lorraine,

Nakusalimu sana. Goti lipo, linaniamsha kabla ya jogoo, lakini bado linanifikisha shambani. Msalimie huyo Daksha, umwambie mtu wa Machakos ni mtu wa nyumbani.

Norbert alikuja. Alikuja na viatu vyeupe, akaondoka na viatu vya rangi ya shamba letu. Alituletea karela moja tuione. Baba yako mdogo Zephaniah, ambaye bado ndiye mwenyekiti wa kikundi, aliimega, akatafuna, akaitemea kwenye mfereji. "Hiki kitu mtu anakula kwa hiari yake?" Nikamwambia wapo wanaokula, na wanalipa. Kucheka kukaisha, tukaanza kuulizana maswali ya maana.

Tumekubali wachache, na Zephaniah mwenyewe ameingia shingo upande ili asionekane mwoga. Zamani zamu yako ikifika unafungulia mfereji, shamba linafurika, nusu ya maji yanakwenda kwa magugu. Sasa tumelaza mipira yenye matundu, na maji yanadondoka kwenye shina tu, kidogo kidogo kama chai ya mtu mchoyo. Tumesimamisha nguzo, tumefunga waya, mimea itapanda humo.

Lakini ujue nilichofanya. Nimeng'oa mahindi nusu ya shamba. Hii karela ikikataa, sitakuwa na unga wala cha kuuza, na mzigo wote utarudi kwako. Naogopa, sikufichi. Nimejitosa kwa sababu nataka nikuone umekaa Jumapili nzima nyumbani kwako bila sare ya kazi. Nikifika hapo sina lingine.

Mama yako


Kibwezi, 12 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Sisi ni wazima na tunacheka peke yetu njiani. Mzigo umeondoka jana!

Ungekuja uone. Waya zote zimeinama kwa karela. Tulichuma kabla jua halijawaka, tukapanga kwenye banda, kina mama tukiimba na Zephaniah akituambia tupunguze makelele ilhali yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa. Norbert hakuwepo, alituma lori lenye baridi na dereva asiye na maneno mengi.

Mwambie Vijay asiwe na wasiwasi juu ya kipimo. Sisi si watu wa kupima kwa kubana. Kila katoni ilipojaa tuliongeza, tukashindilia kwa viganja, tukaongeza tena, ndipo tukafunga kwa kamba. Mumbua, jirani yangu wa shamba la chini, alikalia zile zilizokataa kufungika. Huyo Vijay akifungua atajua amepata watu wenye roho.

Nasubiri habari. Sijalala vizuri kwa furaha.

Mama yako


Harrow, 16 Juni 2024

Mama,

Salamu. Natumai mu wazima.

Mama, mlifanya nini? Vijay aliniita dukani nikaenda mbio nikidhani ni pongezi. Alinifungulia katoni mbele ya wateja. Karela za juu na za chini zimepondeka, za katikati zimetoa jasho zikageuka manjano, na maji yanachuruzika mpaka sakafuni. Katoni nyingine kamba imekatika na ubavu umepasuka. Hakuna hata moja aliyoweza kuiweka mezani. Alizitupa zote, nami nikasaidia kuzibeba hadi kwenye pipa.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alisema tu, "Sister, I trusted you," yaani aliniamini, akarudi kwenye mashine yake ya hesabu. Amemwambia Norbert asilete tena mzigo wa Kibwezi.

Nilikuwa nimeweka jina langu hapo, Mama. Kesho naingia kazini alfajiri.

Lorraine


Harrow, 21 Julai 2024

Mama mpendwa,

Hujambo? Goti je? Umesoma ujumbe wangu, naona alama zimegeuka buluu, na zaidi ya mwezi umenyamaza. Hata Mumbua nikimwandikia ananijibu "tupo" basi. Kunyamaza kwako kunaniuma kuliko ungenigombeza.

Nisikilize lakini. Alhamisi Daksha aliniuliza mbona nimenuna kama maziwa yaliyochacha. Nikamsimulia yote, nikamsomea na barua yako ile ya kushindilia na kukalia katoni. Mama, yule bibi alicheka mpaka nikashika dawa yake ya pumu. Kisha akajifuta macho, akasema: "Wewe mtoto hapana jua kitu. Pale Machakos soko, mama yangu nanunua nyanya, ile mama nauza naweka ingine juu, naweka ingine tena. Kama hapana weka, kesho hapana rudi. Mama yako natoa nyongeza! Huyu Vijay zaliwa Harrow, yeye najua nini?"

Akampigia Vijay hapo hapo. Nusu walizungumza Kigujarati, na kwa sauti nilijua nani anashinda. Vijay amekubali kujaribu mara moja tu. Norbert atakuja mwenyewe. Katoni zisijae kupita mstari, zisishindiliwe, kifuniko kilale chenyewe bila kubanwa, na karela zichumwe zikiwa changa.

Kama bado mna karela. Niambie kama bado mnazo, Mama.

Mwanao,
Lorraine


Kibwezi, 9 Agosti 2024

Mwanangu Lorraine,

Salamu zako nimezipata. Mimi mzima wa mwili. Moyo ulikuwa umelala chini, ndiyo maana sikuandika. Uliniumiza, mama. Si kwa habari ya mzigo, hiyo ilikuwa lazima uniambie. Uliniumiza kwa kuuliza tulifanya nini, kama mtu anayeuliza wezi.

Zephaniah aliitisha mkutano. Akasema tung'oe tuwahi kupanda mahindi, na bila kungoja jibu akang'oa yake, akaviringisha mipira yake akaitupa kwenye banda. Wengine wakamfuata. Nilibaki na Mumbua na wajane wawili wa kule juu. Watu wakipita wanauliza kama karela imepoa uchungu. Wiki mbili nzima nilikuwa nachuma na kuwapa mbuzi, na mbuzi nao wakanikataa. Unga niliazima.

Sasa hayo ya Norbert nimeyaelewa. Alikuja, safari hii na gambuti za mpira, akachukua katoni akanionyesha zinavyopangwa ndani ya ndege, moja juu ya nyingine mpaka kimo cha nyumba. Nikaona wazi jinsi wema wetu ulivyoziua. Lakini nikamwambia, mimi kumuuzia mtu kipimo kikavu siwezi. Tangu nianze kukaa sokoni sijawahi kumfungia mteja bila kumwongezea, na siwezi kuanza uzeeni, tena kwa mtu niliyemharibia mara ya kwanza. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Tumekubaliana hivi: kila katoni tutaijaza mpaka mstari tu. Na zile za kuongeza, zote, zitakaa kwenye katoni yao peke yake, nayo haitashindiliwa. Mwambie Vijay asiihesabu. Hiyo ni yake.

Nimepanda upya. Maji yapo, na mikono ipo. Niombee.

Mama yako


Harrow, 17 Oktoba 2024

Mama mpendwa!

Hujambo, hujambo, hujambo? Zimefika! Zimefika kijani, kavu, zimelala kwenye katoni kama watoto. Vijay alishika moja akaikunja, ikavunjika kwa mlio, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Kisha akaikuta ile katoni ya ziada, hesabu ikamchanganya. Akampigia Norbert kumuuliza ni ya nani, Norbert akamwambia ni nyongeza. Akaniita nimweleze. Nikamweleza. Akaibeba akaiweka karibu na mashine ya hesabu, na kila aliyenunua karela akamwongezea moja mkononi. Wazee wa Kihindi waliotoka Nakuru na Kisumu wakaanza kuulizana ni nani huyo anayetoa nyongeza. Mmoja alibaki dukani nusu saa akisimulia soko la kwao, na Vijay akamsikiliza.

Ameagiza mara mbili ya mzigo huu, kila wiki. Nyinyi wanne hamtautosheleza. Daksha alikula akanyamaza, na Daksha akinyamaza ujue hana la kugombea. Ameomba namba yako.

Mwanao mwenye furaha,
Lorraine


Kibwezi, 29 Novemba 2024

Mwanangu Lorraine,

Nakusalimu kwa furaha. Huku mvua imenyesha vizuri. Zephaniah amefunua mipira yake amelaza tena, na hataki mtu amuulize. Nimempa miche, maana kuna nafasi kwa wote. Daksha ananipigia kila Jumatatu. Tunazungumza mpaka salio lake liishe, na halijawahi kuisha.

Jana nilikwenda mjini kwa yule msichana wa kutuma pesa. Nilipomwambia natuma Uingereza akaniangalia: "Mama, si pesa hutoka huko kuja huku?" Nikamwambia aandike jina lako polepole asikosee. Watu wote kwenye foleni waligeuka.

Hiyo uliyoipata si ya kunirudishia, na usinipigie kelele. Nilimuuliza Daksha wanakulipa nini Jumapili kule Kilburn, akaniulizia. Nimekutumia hiyo hiyo. Nimeinunua Jumapili yako, ya tarehe kumi na tano Desemba. Mwambie mkubwa wako mapema apate mtu mwingine. Pesa ikija tena nitakununulia nyingine.

Siku hiyo usiniandikie. Kaa kwako.

Mama yako


Harrow, 16 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa. Jana sikukuandikia.

Mwanao,
Lorraine