Dalali Anakuja, Lowri Hajui

Mpendwa Bi Mair, naomba msaada wako, na tafadhali badilisha majina maana mke wangu Lowri huusoma ukurasa wako huu wa ushauri gazetini kila wiki. Mimi ni mfugaji wa kondoo wa mlimani kama baba na babu yangu, na tangu serikali itie saini ile mikataba ya biashara huria na Australia na New Zealand roho yangu haijatulia, kila nikifungua redio nasikia ushuru unapungua na nyama yao itaingia kwa wingi, na huku sisi kuuza kondoo Ufaransa, kulikokuwa kama kuvuka barabara kabla nchi yetu haijajitoa kwenye soko la pamoja nao, sasa ni vyeti na daktari wa mifugo na malori kungoja bandarini, basi nimebanwa huku na huku, chakula hakipiti, nikilala naota meli. Juzi mnadani jirani yangu Dewi akanitania mbele za watu, "Meurig bwana, acha kondoo, jifunze kuwatandikia watalii vitanda!" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini nilipofika kwenye gari nikampigia dalali wa mifugo nikamwambia nauza kondoo majike wote wa mlimani, na anakuja mwisho wa mwezi kuwatazama. Jana binti yetu Nest, anayesomea kilimo chuoni Aberystwyth na anataka kurudi kushika kazi, akanipigia akasema, "Baba, mkichagua wazee wa kuuza mwaka huu, yule kondoo bibi mwenye sikio lililopasuka msimguse, ndiye anayewaonyesha wenzake pa kukwepa tope," nikajibu sawa mwanangu, na simu ilipokatika nikalia. Je, nimwambie Lowri sasa, au wakishauzwa, ili kuepuka ugomvi wa bure?

JIBU

Pole, Meurig. Hofu yako si ya kijinga, na wanaosema mfugaji mdogo hataumia hawajawahi kumkimbiza kondoo kwenye mvua. Lakini huo "ugomvi wa bure" umenikera. Bure kivipi?

Mlima wenu hauna uzio, unajua kuliko mimi. Kondoo wako hawaendi kwa Dewi kwa sababu mama zao waliwafundisha kwao ni wapi, na hao walifundishwa na mama zao. Ukiwapakia wote kwenye lori huwezi kununua wengine bei ikipanda, maana hao wageni watakuwa bonde la pili kabla hujamaliza chai. Ushuru unaweza kubadilishwa tena. Kundi hilo likiondoka, Nest atarudi kukuta nyasi tu.

Tena nimeisoma barua yako mara mbili. Redio imesema, Dewi amesema, mtoto amesema. Lowri hajasema neno hata moja, na bila shaka ndiye aliyezalisha kondoo pamoja nawe theluji ikianguka. Aibu, bwana.

Mpigie dalali leo, mwambie majike wa mlimani hawauzwi. Akinuna, anune. Kama lazima upunguze, uza wale wa mashamba ya chini, wananunulika tena. Kaeni wafugaji wa bonde muuze pamoja kwenye mabucha na hoteli za karibu, na Dewi mchukueni, mdomo wake utafaa kupatana bei. Redio izime wakati wa kula.

Kwanza, lakini, mwambie Lowri. Atafoka, na ana haki. Mwache amalize.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Lile sikio lililopasuka nimeliacha, na mkeo analijua. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza kwa simu. Gazeti linatoka Alhamisi.